Vitabu vya Kikorea Tabora na Kigoma: chumba kimoja, au kila chuo na somo lake?

Mwalimu mmoja wa Kigoma alipanda basi hadi Tabora akiwa na orodha ya vitabu kumi na viwili vya Kikorea mfukoni na fedha za kununua vinne. Alitaka kujua maktaba yetu ya Tabora ina vingapi kati ya hivyo, asije akanunua tulivyo navyo. Nilishindwa kumjibu. Vitabu vya Kikorea tulikuwa navyo, ila havikuwa kwenye katalogi. Vilikuwa rafu ya chini kabisa, juu yake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa "Kichina/Kikorea", na ilibidi mimi na yeye tupige magoti tukivitoa kimoja kimoja na kulinganisha maandishi ya mgongoni na orodha yake. Tulikuta vitatu. Kimoja kilikuwa na nakala mbili.

Tangu siku hiyo nimelizungumza jambo hili na wakutubi wenzangu wa mikoa yetu miwili. Wapo wanaotaka vitabu vyote viwekwe chumba kimoja, wapo wanaotaka kila chuo kichukue somo lake, wapo wanaosema tungoje misaada, na vijana wanasema vitabu vya karatasi vimepitwa na wakati, kila kitu kiko mtandaoni. Naziweka njia hizo hapa pamoja na maoni yangu. Naandika kama mkutubi. Kikorea changu ni cha kusoma jalada na ukurasa wa mwanzo, na kwa kazi hii kinatosha.

Tunamnunulia nani?

Korea si jina geni huku magharibi. Anayetoka Tabora kwa basi kupitia Urambo na Kaliua kwenda Kigoma huvuka Mto Malagarasi juu ya Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Vichwa vya treni za umeme zilizoanza safari kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 vimetengenezwa na Hyundai Rotem, na reli hiyo inajengwa kuja kwetu. Vijana wanayaona haya na wanauliza.

Wengi wanaokuja dirishani kwangu wanatafuta ufadhili wa serikali ya Korea, ule wanaouita GKS. Anayeupata kwa kawaida husoma lugha mwaka mmoja kwanza, na ili aendelee na shahada inampasa afike walau ngazi ya 3 ya TOPIK, mtihani wa lugha ya Kikorea wenye ngazi 6. Huyu anahitaji kitabu cha kujifunzia lugha, kamusi na mitihani iliyopita. Anavihitaji kila siku, na wenzake kumi wanavihitaji siku hiyo hiyo.

Wa pili ni mtafiti. Yule mwalimu wa Kigoma anafundisha maendeleo vijijini. Anailinganisha Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na Saemaul Undong, harakati ya vijiji vipya iliyoanza Korea Kusini mwaka 1970, serikali ilipokipa kila kijiji mifuko 335 ya saruji na kuwaachia wanakijiji waamue cha kujenga. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza juu ya harakati hiyo si haba. Lakini barua za wanavijiji na nyaraka za vijiji ziko kwa Kikorea, na kumbukumbu hizo ziliingia katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2013. Mtafiti wa namna hii anataka vitabu vichache vizito, na pengine atavigusa mara mbili kwa mwaka.

Mabishano yetu mengi yamekosa mwelekeo kwa sababu tumewachanganya watu hawa wawili. Njia inayomfaa mmoja inamwacha mwenzake mikono mitupu.

Chumba kimoja

Wanaotaka chumba kimoja wana hoja nzito. Atahitajika mkutubi mmoja tu anayeweza kusoma herufi za Kikorea. Chumba kinaonekana, na mfadhili hupenda kuona kitu. Maktaba ya Taifa ya Korea, kwa mfano, ina mpango tangu 2007 wa kuzisaidia maktaba za nchi za nje kuanzisha vyumba vya vitabu vya Kikorea. Ukiwa na chumba chenye mlango, meza na jina, una mahali pa kuanzia mazungumzo.

Ubaya wake ni umbali. Kigoma na Tabora zimeachana kwa zaidi ya kilomita 400, na mwanafunzi wa Ujiji hatapanda basi alfajiri kuja kusoma sarufi halafu arudi. Chumba kikiwa Tabora, Kigoma haina kitu. Kikiwa Kigoma, hivyo hivyo. Na kuna lingine ambalo mkutubi yeyote wa huku analijua: uhamisho. Yule mmoja anayesoma Kikorea akihamishiwa Songea, chumba kinabaki na vitabu visivyo na mwenyewe. Nimewahi kukiona chumba kizuri cha lugha ya kigeni, katika mji ambao sitautaja, kikigeuka stoo ya viti vibovu ndani ya miaka miwili baada ya mtu wake kuondoka.

Kila chuo na somo lake

Njia hii ina mfano mkubwa. Mwaka 1994 maktaba sita za vyuo vikuu vya Marekani, zikiwemo za Harvard, Columbia, Berkeley na Hawaii, ziliunda umoja wa mikusanyo ya Kikorea kwa msaada wa fedha wa Korea Foundation. Kila maktaba ilikabidhiwa maeneo yake ya somo ikayanunulia kwa kina, kwa sharti kwamba vitabu vyake vitaazimishwa kwa wasomaji wa vyuo vingine. Umoja ulikua, vyuo vingine vikajiunga, hata vya Kanada. Harvard, pamoja na utajiri wake wote, ilikubali kugawana. Sisi wenye fedha za vitabu vinne tunaona aibu gani?

Kwetu mgawanyo unajipanga wenyewe. Tabora ina mafunzo ya ualimu ya siku nyingi, kwa hiyo lugha, mbinu za kufundisha na fasihi zikae huku. Tuna pia chuo cha reli, na vitabu vya ufundi wa reli vitapata msomaji hapa kabla ya kupata kwingine. Kigoma wachukue historia na maendeleo vijijini, kwa kuwa mwalimu wa somo yuko huko na wanafunzi wake wako huko. Akitakiwa mtu wa kuamua kitabu kipi kizuri kati ya viwili vya Saemaul, ni yeye. Mimi ningechagua kwa kutazama jalada.

Gharama ya njia hii ni uaminifu. Chuo kimoja kikiacha kununua kimyakimya, panakuwa na shimo ambalo hakuna mwingine anayejua kuwa lipo, maana wote waliliacha eneo hilo wakijua mwenzao analishika. Kwa hiyo pawe na karatasi iliyosainiwa inayosema nani ana somo gani, na kwamba anayeshindwa mwaka huu atoe taarifa kabla ya muhula kuanza.

Kusafirisha si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kitabu cha kwanza tulichomtumia mwalimu tulikifunga kwenye mfuko wa nailoni, kisha karatasi ya kaki, tukaandika juu namba ya simu ya mkutubi wa upande wa pili, tukakipeleka kwenye ofisi ya vifurushi ya basi na kupewa risiti. Kilifika siku hiyo hiyo usiku. Kilivuka lile daraja la Malagarasi, jambo lililomfurahisha sana mwalimu alipolifikiria. Tumekubaliana kwamba kitabu kikipotea njiani, maktaba iliyokiomba ndiyo inayolipa, ili pasiwe na ugomvi baadaye.

Katalogi, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu uchaguzi wowote mtakaoufanya hapo juu utaanguka hapa.

Chukua kitabu chochote kipya kilichochapwa Korea Kusini, kigeuze, tazama karibu na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Utaona namba nyingine ndogo ya tarakimu tano. Tarakimu tatu za mwisho zinataja somo kwa mpangilio wa desimali wa Kikorea, KDC, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1964. Riwaya nyingi zina 03810. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, mwenye bidii kweli, aliiona 810, akafungua Dewey, mpangilio wa namba unaotumika kwenye rafu zetu, akasoma "fasihi ya Marekani", akazipanga riwaya zote za Kikorea kati ya riwaya za Wamarekani. Zilikaa huko miezi saba. Hakukosea kusoma namba. Alisoma namba ya mpangilio mwingine. Katika KDC lugha ziko 700 na Kikorea ni 710, lakini katika Dewey 710 ni mambo ya mipango ya ardhi na bustani. Sarufi ingekwenda kulala huko.

Kati ya mipangilio hiyo miwili nachagua Dewey bila kusita: 495.7 kwa lugha, 895.7 kwa fasihi, 951.9 kwa historia. Rafu zetu nyingine zote ni za Dewey na msomaji asilazimike kujifunza ramani mbili ndani ya jengo moja. KDC ingefaa iwapo tungekuwa na kile chumba cha peke yake. Hata hivyo ile namba ya nyuma ya kitabu msiitupe. Mkutubi asiyejua Kikorea akiisoma kwa jedwali la KDC atajua kama ameshika riwaya au kitabu cha fizikia, na hiyo ni hatua kubwa.

Suala la pili ni majina. Herufi za Hangul, zilizokamilishwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, zinaandikwa kwa herufi zetu kwa njia zaidi ya moja. Upo mtindo wa McCune na Reischauer wa 1939, ambao Maktaba ya Bunge la Marekani inautumia, na upo mtindo wa serikali ya Korea Kusini wa mwaka 2000. Mji ule ule ni Pusan kwa mmoja na Busan kwa mwingine. Dola ile ile ya kale ya Korea ni Chosŏn na Joseon. Watu nao wana mazoea yao: jina la ukoo 이 utalikuta limeandikwa Lee, Yi au Rhee, na 박 ni Park, Pak au Bak. Ongeza kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watano Korea Kusini anaitwa Kim.

Mtu wa Tabora hapaswi kushangaa. Atakayetafuta habari za mji huu katika maandishi ya Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza wa karne ya 19, kwa jina la Tabora pekee atapitwa na mengi, kwa kuwa wao waliuita Kazeh. Mwingine atauita Unyanyembe. Mkutubi wa huku hufundishwa kuunganisha majina hayo matatu ili anayeandika moja apate yote. Kikorea kinadai uangalifu ule ule.

Kwa hiyo jina la kitabu na la mwandishi yaingizwe kwanza kwa Hangul. Koha, programu ambayo maktaba nyingi za vyuo zinaitumia, inapokea herufi hizo bila shida. Hangul ina herufi 24 za msingi, na mkutubi akikaa nazo jioni kadhaa atazitambua. Hatajua maana, lakini atajua kwamba neno la kwenye jalada ndilo lililo kwenye skrini, na kazi yetu inaanzia hapo.

Chini ya Hangul wekeni mtindo mmoja wa herufi zetu. Binafsi naupenda ule wa mwaka 2000, unaandikika kwa simu bila alama za ajabu. Lakini nachagua wa McCune na Reischauer, kwa sababu rekodi zilizokwisha tayarishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani zinanakilika bure, nasi hatuna mtu wa kuandika kila rekodi kuanzia mwanzo. Umbo la pili, Busan au Joseon, liongezwe kama njia nyingine ya kutafutia.

Hangul nayo haimalizi kila kitu. Baada ya Han Kang kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2024, wanafunzi walianza kumuulizia. Jina lake ni 한강. Mto mkubwa unaopita katikati ya Seoul nao ni 한강. Anayetafuta kwa neno hilo peke yake analetewa riwaya pamoja na mambo ya madaraja na mafuriko. Ndiyo maana sehemu ya mwandishi na sehemu ya mada zisichanganywe, hata kama mnaharakisha.

Kungoja misaada au kununua

Tuliwahi kupokea maboksi kumi na manne bila kuulizwa tunataka nini. Aliyetuma alikuwa na nia njema, sina shaka nayo. Tulilipa kuyagomboa bandarini na kuyasafirisha hadi Tabora, fedha ambazo zingenunua vitabu vingi vya lugha. Ndani mlikuwa na ensaiklopidia inayoanzia juzuu ya tatu, miongozo ya kompyuta ambazo hazipo tena, na vitabu vya kitaaluma vya miaka ya 1970 vilivyochanganya Hangul na herufi za Kichina, mistari mingine ikisomwa kutoka juu kwenda chini. Huo ndio ulikuwa uandishi wa wasomi kwa miaka mingi. Gazeti la Hankyoreh lilipoanza mwaka 1988 likiwa na Hangul tupu, mistari ikienda kwa ulalo, lilikuwa jambo jipya. Mwanafunzi wa ngazi ya 3 ya TOPIK hawezi kuvisoma vitabu hivyo. Maboksi matatu yaliyobaki sakafuni kusubiri nafasi yaliliwa na mchwa, na mwenye kuujua mchwa wa Tabora anajua tulichokikuta tulipoyainua.

Pamoja na hayo sisemi misaada ikataliwe. Bila msaada mtafiti hatapata vitabu vyake, kwa kuwa hivyo ni ghali. Tupeleke orodha kwanza, nao watupe orodha kabla ya kufunga boksi. Tuombe vilivyochapwa tangu miaka ya 1990, isipokuwa mtafiti amekitaja cha zamani kwa jina. Na gharama ya kugomboa mzigo izungumzwe tangu barua ya kwanza.

Vya kujifunzia lugha tununue wenyewe, hata kama ni vitano kwa mwaka. Vitabu hivi hufuatana kwa ngazi, na msaada huleta ngazi ya 1 na ya 5 bila zilizo katikati. Mwanafunzi aliyemaliza ya kwanza akikosa ya pili huacha. Nimewaona.

Vya mtandaoni

Vya bure ni vingi kuliko tunavyovitumia. Tasnifu nyingi za vyuo vikuu vya Korea zinasomeka kwenye tovuti ya RISS, makala nyingi za majarida zinapatikana kupitia tovuti ya KCI, na kumbukumbu rasmi za wafalme wa Joseon, za kuanzia 1392, zimewekwa wazi pamoja na tafsiri ya Kikorea cha leo. Kwa mwalimu wa Kigoma hii ni hazina, na hakuna mkoa unaomnyima.

Vya kulipia, kama hifadhidata za majarida za DBpia na KISS, ni hadithi nyingine. Unalipa ada ya mwaka, na siku ukiacha kulipa huna hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Kitabu cha karatasi kikishalipiwa kinabaki. Chuo kimoja cha huku kisithubutu peke yake. Kama tukitaka, tupitie COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, ambao tayari una uzoefu wa kulipia hifadhidata kwa pamoja, na tuulize kama vyuo vya mikoa mingine navyo vinahitaji. Kwa mwanafunzi wa lugha mtandao hautoshi. Bando linaisha, umeme unakatika, na mazoezi ya kuandika yanataka kitabu kilicho wazi mezani.

Ningechagua hivi

Kama chuo chako kina wanafunzi wanaojiandaa kwa TOPIK na hakuna mtafiti, usijiunge na mgawanyo bado. Nunua vitabu vya ngazi ya 1 hadi ya 3, nakala tatu tatu, uviweke pale pale walipo. Hivi havigawanywi kati ya Tabora na Kigoma. Kila upande uwe na vyake.

Kama una mtafiti hata mmoja, ingia kwenye mgawanyo, ushike somo lake yeye, na mengine uyaache kwa wenzako.

Kama umepata mfadhili anayetaka chumba, kipokee, mkipe jina analolipenda, ila vitabu vyake viingie kwenye katalogi ya wote na viruhusiwe kusafiri. Asiyekubali vitabu visafiri, ningemshukuru na kuendelea bila chumba.

Na katalogi ianze kabla ya kitabu kipya hata kimoja kununuliwa. Sisi tumeanza na ile rafu ya chini. Mwalimu wa Kigoma alirudi nyumbani na kimoja kati ya vile vitatu, ile nakala ya pili, akaacha nakala ya orodha yake mezani kwangu. Nimezungushia duara vinne ambavyo Kigoma wanunue. Vitano vinavyobaki ni vya Tabora kutafuta, na viwili kati ya hivyo tumeshaviombea fedha kwa muhula ujao.